Majani yamesinyaa, udongo umelowa: sakulenti yangu ina shida gani?

Swali: Mtaalamu, shikamoo. Nina echeveria, sakulenti moja (mmea wa majani manene yanayohifadhi maji), niliyoipanda kwenye chungu cha kauri kisicho na tundu. Chini niliweka kokoto za kupitisha maji, juu yake udongo wa bustani. Naimwagilia nusu kikombe kila baada ya siku tatu. Majani yalipoanza kusinyaa nilidhani ina kiu, nikaongeza maji. Sasa majani ya chini yamekuwa ya manjano, yanapitisha mwanga kama jeli, na ukiyagusa tu yanadondoka. Shina karibu na udongo limeanza kuwa jeusi. Bado inaokoka? Na nyingine nne nilizonazo nizikinge vipi?

Jibu: Marahaba. Inaweza kuokoka, ila mizizi hiyo isahau. Tunachookoa hapa ni kichwa, yaani majani ya juu na kipande cha shina kilicho kizima. Usiimwagilie tena, na ukipata nafasi leo itoe kwenye chungu leo hii. Weusi ulioanza kupanda shinani haungoji wikendi.

Hayo majani kusinyaa ndiyo yanayowaponza wengi. Mizizi nayo hupumua, na oksijeni yake huipata kwenye nafasi ndogondogo za hewa zilizo kati ya chembe za udongo. Maji yakizijaza nafasi hizo na kutuama, mizizi hukosa hewa, na zinazotangulia kufa ni zile ncha laini zinazonyonya maji. Hapo vimelea vya udongoni hupata mlango: Pythium na Phytophthora, vinavyostawi kwenye unyevu, na kuvu kama Fusarium. Mmea usio na mizizi hai hauwezi kunywa hata ukiutumbukiza kwenye ndoo, basi majani yanasinyaa vilevile kama ya mmea wenye kiu. Tofauti utaipata kwa kidole. Jani lenye kiu hukunjamana na kulegea lakini halipitishi mwanga, na udongo wake ni mkavu. Jani la mmea unaooza limejaa majimaji, na udongo wake umelowa. (Majani mawili matatu ya chini kabisa yakikauka kama karatasi, huo ni uzee tu. Yaache.)

Ukishautoa mmea, suuza udongo wote uitazame mizizi. Iliyo hai ni imara, nyeupe au hudhurungi hafifu. Iliyooza ni laini na nyeusi, mara nyingi ina harufu ya uvundo, na ukiuvuta mzizi mmoja kwa kucha, ganda lake huvuka kama soksi, ukabaki na kiuzi cha katikati. Kama ubovu ungekuwa umeishia mizizini, ningekuambia ukate mibovu, uanike mmea siku kadhaa na kuupanda upya. Wako umefika shinani, kwa hiyo tunakata juu.

Tafuta kisu chembamba chenye makali, ukifute kwa spiriti ya asilimia 70. Kata shina kama sentimita mbili juu ya weusi, kisha utazame pale ulipokata. Unataka kuona rangi moja safi ya kijani hafifu, kutoka ukingoni hadi katikati. Ukiona kidoa cha kahawia, hata kiwe kidogo kama kichwa cha pini, ubovu umeshakupita. Futa kisu, kata kipande kingine chembamba, tazama tena. Wengi hukata mara mbili wakaridhika, na wiki mbili baadaye kichwa kinaoza. Mimi nimeshawahi kukata mpaka nikabaki na kishina kifupi kama ukucha, na mmea ukaota.

Kahawia ikifika hadi kwenye moyo wa majani, kitupe kichwa lakini usitupe kila kitu. Majani ya juu yaliyo mazima yabandue kwa kuyazungusha taratibu, yatoke na kitako chake, uyalaze juu ya udongo mkavu. Baada ya wiki kadhaa baadhi yatatoa mizizi na kimmea kidogo. Echeveria hukubali hivyo. Alovera haikubali, jani lake huoza tu. Kwa alovera utategemea vichipukizi vya pembeni. Na siku utakapokata sakulenti yenye utomvu mweupe kama maziwa, vaa glavu, maana utomvu huo huwasha ngozi na ni hatari kwa macho.

Kichwa ulichokata kikalishe kwenye mdomo wa glasi tupu, kidonda kikiwa hewani, mahali penye kivuli na hewa. Siku nne hadi saba kwa kawaida hutosha kidonda kukauka na kufanya kigaga kigumu. Dungusi kakati nene huhitaji wiki mbili au zaidi. Watu wanausifu sana unga wa mdalasini, mimi siutegemei. Kisu safi na ukavu ndivyo vinavyotibu, na hakuna dawa ya kuvu inayofufua mzizi uliokufa. Kigaga kikishika, kichwa kiweke juu ya mchanganyiko mkavu wa udongo (nitaueleza hapo chini) penye mwanga mwingi lakini si jua kali, na usimwagilie mpaka uone mizizi inatoka. Mbolea isubiri.

Udongo wa zamani tupa. Chungu kioshe, kisha kiloweke nusu saa kwenye klorini ya kufulia, sehemu moja kwa sehemu tisa za maji.

Sasa hizo kokoto. Haziondoi maji, zinayapandisha. Maji hayashuki kutoka udongo laini kwenda kwenye kokoto mpaka udongo huo ushibe kabisa, kwa hiyo tabaka lililolowa huhamia juu, karibu zaidi na mizizi. Jaribu kwa sponji: lilowe kabisa, lishike likiwa limelala bapa mpaka liache kuchuruzika, kisha lisimamishe wima. Maji mengine yatatoka. Ndiyo maana chungu kifupi na kipana hubaki na unyevu kuliko kirefu, na ndiyo maana tundu halina mbadala. Kama kauri yako unaipenda, toboa tundu polepole huku ukiipoza kwa maji, au panda kwenye chungu cha plastiki chenye matundu, kikae ndani yake.

Kwenye mchanganyiko, nusu au zaidi iwe chenga za milimita 2 hadi 6: mawe mepesi ya volkano, perlaiti (chembe nyeupe nyepesi za kuchanganya na udongo) au mchanga mnene. Mchanga laini huziba nafasi za hewa, na wa baharini una chumvi. Chungu kipya kizidi kile kifundo cha mizizi kwa sentimita mbili au tatu tu.

Ratiba ya siku tatu iache. Mwagilia mpaka maji yatoke tunduni, mwaga ya kwenye kisahani, kisha ngoja udongo ukauke mpaka chini. Chomeka kijiti cha mshikaki: kikitoka na ubaridi au chembe zilizogandia, bado. Ukizoea utajua kwa kuinua chungu tu. Msimu wa baridi au wa mawingu kunakauka polepole, nawe ngoja zaidi.

Hizo nne, zilizo kwenye vyungu visivyo na tundu zihamishe wiki hii hata kama majani yanang'aa. Zenye tundu na udongo mkavu usizichokoe.