Kipokezi cha GPS kinachochukua dakika 20 kupata setilaiti

SWALI: Mimi ni ofisa misitu wilayani Mufindi. Tunapima mipaka ya misitu ya vijiji kwa kipokezi cha GPS cha mkononi, cha miaka mingi kidogo, kinachotumia betri mbili za AA. Kilikaa kabatini zaidi ya mwaka bila betri. Tangu tukirudishe kazini kinachukua dakika 15 hadi 20 kabla ya kuonyesha mahali tulipo, na jioni tukikizima na kutoa betri ili tuzichaji, kesho yake ni yale yale. Nimejaribu betri mpya bila mafanikio. Simu yangu, nikiwa nimesimama palepale, inapata mahali kwa sekunde chache. Je, antena imekufa?

JIBU: Ndugu ofisa, kwa maelezo uliyotoa, antena ndiyo sehemu ya mwisho ninayoishuku. Antena iliyokufa isingekupa mahali hata ungesubiri hadi jioni, ilhali kifaa chako hatimaye hufika. Ninachokishuku ni kwamba kila asubuhi kinaamka kikiwa kimesahau saa, tarehe na ratiba ya setilaiti, hivyo kinalazimika kuipekua anga yote kana kwamba kimetoka kiwandani siku hiyo.

Setilaiti za GPS huzunguka dunia zikiwa kilomita 20,200 hivi juu yetu, na kila moja hutuma ujumbe wake kwa mwendo wa polepole mno, biti 50 tu kwa sekunde. Ndani ya ujumbe huo mna mambo mawili yanayohusika na swali lako. La kwanza ni efemerisi, yaani maelezo ya kina ya njia ya setilaiti hiyo, pamoja na masahihisho ya saa yake. Hurudiwa kila baada ya sekunde 30 na hutumika kwa takriban saa nne kabla ya kuchakaa. La pili ni almanaki, ambayo ni ratiba ya jumla ya setilaiti zote. Hutumwa kwa vipande na huchukua dakika 12 na nusu kukamilika, lakini ikishapokewa huendelea kukisaidia kipokezi kwa majuma mengi. Kipokezi chenye almanaki, saa sahihi na kumbukumbu ya mahali kilipozimwa hujua ni setilaiti zipi zimeshachomoza, na huenda moja kwa moja kuzisikiliza. Kisichokuwa na hayo hujaribu moja baada ya nyingine, zikiwemo zilizo upande wa pili wa dunia. Vipokezi vya miaka ya karibuni hutafuta setilaiti nyingi kwa mpigo, na penye uwazi huweza kumaliza kazi hiyo kwa chini ya dakika moja hata bila almanaki. Vya zamani vyenye chaneli 12, yaani vinavyosikiliza setilaiti 12 tu kwa wakati mmoja, huchukua dakika nyingi, na hilo peke yake si ubovu. Simu yako usiifanye kipimo, kwa sababu efemerisi huipata kwa mtandao wa simu badala ya kuisubiri kutoka angani.

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, washa kifaa kikiwa ndani ya nyumba na utazame tarehe na saa kinayoonyesha kabla hakijapata setilaiti hata moja. Tarehe ikiwa ya ovyo wakati huo, kisha ikajirekebisha kifaa kipatapo mahali, na kesho yake ikaharibika tena, basi betri ndogo ya ndani inayotunza saa na kumbukumbu imeisha nguvu. Ikiwa tarehe inabaki nyuma kwa takriban miaka 19 na nusu hata baada ya kupata mahali, hilo ni jambo jingine: GPS huhesabu majuma hadi 1,024 kisha huanza upya, na mara ya mwisho ilianza upya usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili 2019. Kosa hilo kwa kawaida huharibu tarehe tu bila kugusa mahali, na dawa yake ni kusasisha programu ya kifaa, mtengenezaji akiwa bado anaitoa.

Baada ya hapo kiweke kifaa juu ya meza katikati ya uwanja usio na miti wala mapaa ya bati karibu, ukiache kimetulia kwa dakika 20 hata kama kimepata mahali mapema, ili kipokee almanaki yote. Kizime bila kutoa betri, kisha kiwashe baada ya dakika tano. Kinapaswa kupata mahali kwa sekunde chache. Kiache usiku kucha, betri zikiwa ndani, na ukiwashe asubuhi palepale. Efemerisi itakuwa imeshachakaa, lakini ikiwa almanaki na saa vimehifadhika, dakika moja hivi itatosha. Rudia jaribio usiku unaofuata ukiwa umetoa betri. Zikirudi zile dakika 20, umempata mhalifu.

Kuna jambo la pili ambalo hukulitaja, ila nalihisi kwa kuwa nafahamu kazi yenu ilivyo: nadhani mnawasha kifaa mkiwa tayari mnatembea chini ya misindano. Chukulia efemerisi kama imla inayosomwa na mwalimu asiyekubali kusimamishwa. Sehemu inayohitajika husomwa kwa sekunde 18, na mwanafunzi akipitwa na mstari, hana budi kungoja duru nyingine ya sekunde 30 hadi mstari huo usomwe tena. Shina la mti au kichwa cha mwenzako kikikatiza mawimbi kwa nukta moja tu, duru hiyo inaweza kupotea, na hili lapaswa kukamilika kwa setilaiti nne ndipo mahali pajulikane pamoja na mwinuko wake. Kipokezi kilichokwisha kupata mahali huvumilia msitu vizuri zaidi kuliko kinachoanza. Katika vifaa vingi ukurasa wa setilaiti huonyesha jambo hili waziwazi: nguzo tupu maana yake mawimbi yanasikika lakini imla haijakamilika, na nguzo iliyojaa maana yake setilaiti hiyo iko tayari kutumika. Ukiona nguzo tupu nyingi zinazotokea na kutoweka, simama. Kukipunga kifaa hewani, kama nilivyoona wengi wakifanya, huongeza kuchelewa.

Namna ya kukishika nayo ina maana. Chenye antena bapa hulazwa, skrini ikitazama juu. Chenye kijiti cha antena kinachochomoza juu hushikwa wima. Kwenye gari, kiweke mbali na chaja za bei nafuu za kwenye tundu la sigara, kwani baadhi yake hutoa kelele za redio zinazofunika mawimbi haya dhaifu. Mpangilio wa GLONASS, mfumo wa Urusi unaofanana na GPS, ukiwepo, uwashe ili kifaa kiwe na setilaiti nyingi zaidi za kuchagua. Wa WAAS au EGNOS, mifumo ya kusahihisha vipimo vya GPS, unaweza kuuzima, maana mifumo hiyo ilijengwa kwa ajili ya Amerika Kaskazini na Ulaya.

Utashauriwa na wengi urejeshe mipangilio ya kiwandani. Usifanye hivyo kwa sasa: hatua hiyo kwa kawaida hufuta almanaki unayojaribu kuihifadhi, na huenda ikaondoka na alama zote za mipaka mlizokwisha kuchukua, kwa hiyo zihamishie kwanza kwenye kompyuta. Ikithibitika kwamba betri ya ndani ndiyo mbovu, jaribu kukiacha kifaa na betri zilizojaa kwa siku mbili, kwa kuwa katika baadhi ya vifaa betri hiyo ndogo huchajiwa na zile kubwa. Isipopona, fundi anaweza kuibadilisha, lakini mara nyingi imeunganishwa kwa risasi, na kifaa kikishafunguliwa si rahisi kukiziba tena kisiingize maji. Kwa kifaa cha umri huo mimi nisingekifungua. Ningenunua jozi ya pili ya betri ili zinazotoka zipokelewe papo hapo na nyingine, na kila asubuhi ningekiwasha uwanjani kwenu wakati mnapakia vifaa kwenye gari, kisha nisikizime hadi kazi ya siku iishe.