Cheti cha kifaa cha kupimia kimepita muda: je, vipimo vikubaliwe?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninasimamia ujenzi wa madarasa karibu na Hoima, Uganda. Mhandisi mshauri amekataa vipimo vya mpima ardhi wetu kwa sababu cheti cha kalibresheni (yaani cha kuhakiki usahihi) cha totali stesheni, kifaa cha kupimia pembe na umbali, kina miezi 14, ilhali mkataba unataka kisizidi miezi 12. Mkandarasi anasema kifaa bado ni kipya na cheti ni karatasi tu. Nani ana haki?
Msomaji, Hoima

JIBU: Ndugu msomaji, mhandisi ana haki. Kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 17025, ambacho maabara za kalibresheni hukifuata, hakiruhusu cheti kipendekeze muda wa kurudia kipimo isipokuwa mteja amekubaliana na maabara juu ya jambo hilo. Kwa hiyo miezi 12 mnayobishania iliwekwa na waliotia saini mkataba, nao ndio inaowafunga, kifaa kiwe kipya au cha zamani. Kifaa kitakapopelekwa maabara, hakikisheni cheti kinataja namba ya kifaa chenyewe, matokeo ya vipimo na kiasi cha mashaka yaliyomo katika matokeo hayo (yaani ukubwa wa kosa linaloweza kuwamo), kwa kuwa risiti ya fundi inayosema kifaa kimesafishwa na kurekebishwa si cheti cha kalibresheni.

Hata hivyo, ninahofu kwamba tarehe imewashughulisha kuliko kifaa. Cheti hueleza hali ya kifaa siku kilipopimwa, na kifaa kilichobebwa kwa bodaboda katika barabara ya mashimo kinaweza kupoteza usahihi wiki moja tu baada ya kutoka maabara. Ndiyo sababu kuna viwango vya ISO 17123, vinavyoeleza namna mpima ardhi anavyoweza kukijaribu kifaa chake akiwa uwanjani.

Kwa leveli, yaani kifaa cha kupimia tofauti za kimo, jaribio la vigingi viwili halichukui hata saa moja. Pigilieni vigingi viwili vilivyoachana mita 60, simamisheni leveli katikati, msome stafu (fimbo yenye alama za vipimo) juu ya kila kigingi. Kwa kuwa umbali ni sawa pande zote mbili, kosa la mstari wa kuonea wa darubini, unaopaswa kuwa mlalo kamili, hujifuta lenyewe, na tofauti ya kimo mnayoipata ni ya kweli. Kisha sogezeni leveli karibu na kigingi kimoja na kusoma upya. Ikiwa mwanzo mlipata mita 0.412 na sasa mnapata 0.418, mstari wa kuonea umepinda milimita 6 katika takribani mita 60, na mkirudia kusoma hivyo, upande mmoja mbali na mwingine karibu, katika vituo 10, milimita hizo zitakuwa 60, kiasi cha kuharibu kabisa mteremko wa mtaro.

Kwa totali stesheni, someni shabaha moja kwa nyuso zote mbili za darubini, yaani mara ya pili ikiwa imegeuzwa, mlinganishe pembe, kisha mkague thamani ya prizimu (kioo kinachorudisha mwanga wa kifaa) iliyoingizwa, kwani ikikosewa huongeza au kupunguza kiasi kilekile katika kila umbali. Jambo ambalo wengi hulisahau hapa kwetu ni hewa, ambayo huathiri kasi ya mwanga unaopima umbali. Vifaa vingi hutoka kiwandani vimewekewa shinikizo la usawa wa bahari, ilhali Kampala iko karibu mita 1,200 juu yake. Asiyeingiza joto na shinikizo la mahali alipo hukosea takribani sentimita 5 katika kila kilomita, na huko Kabale, penye mwinuko mkubwa zaidi, kosa huzidi sentimita 6. Kosa hili cheti kipya hakiliondoi.

Matokeo ya majaribio yaandikwe katika daftari la uwanjani pamoja na tarehe, namba ya kifaa na jina la aliyepima, kila wiki, na kila mara kifaa kinapoanguka au kusafirishwa mbali. Ama kazi iliyofanywa katika miezi miwili iliyopita, si lazima ibomolewe: mwombeni mhandisi akubali mpime upya pembe za misingi na vimo kadhaa kutoka alama zilezile za marejeo, kwa kifaa chenye cheti halali, kabla zege lingine halijamwagwa.