Anza na magugu ya njiani kwako

Watu wengi huniuliza waanzie wapi kujifunza mimea ya porini, na huwa wanategemea niwatajie Hifadhi ya Arusha au msitu wa Amani kule Muheza. Mimi nawaambia waanze na njia wanayopita kila siku: kutoka mlangoni hadi kituo cha daladala, ukingo wa mtaro, kile kiwanja cha jirani ambacho hakijajengwa. Msitu utauona ukijaliwa mara moja kwa mwaka. Mtaro unauona asubuhi na jioni, na mmea unaokutana nao hivyo utaujua ukiwa mche, utaujua ukichanua, na utaujua hata ukishakauka na kubaki vijiti na mbegu.

Kuna sababu nyingine, na kwangu ndiyo kubwa. Yale tunayoyasikia kwenye taarifa ya habari, barabara mpya, mvua zilizopitiliza, njaa, chakula cha msaada, yote yanagusa ardhi, na ardhi hujibu kwa kuotesha kitu. Ukizoea kutazama chini, habari nyingi utazielewa mapema kuliko jirani yako.

Chukua gugu karoti. Jina lake la kitaalamu ni Parthenium hysterophorus, asili yake ni Amerika ya kitropiki, na hapa Tanzania lilitambuliwa mara ya kwanza Arusha mwaka 2010. Leo liko kando ya barabara, kwenye viwanja, kwenye malisho, na bado nakutana na watu wanaolipita kila siku bila kulijua. Kwa hiyo chuchumaa ulitazame vizuri. Likiwa changa limelala chini kabisa, majani yametandazwa duara kama sahani, rangi ya kijani kilichopauka, yamechanikachanika kama ya karoti, na ukiyaangalia kwa karibu utaona vinyweleo laini. Halafu katikati hupanda shina lenye mifereji myembamba kwenda juu, linaanza kutoa matawi, na juu kabisa vinajaa vijiua vyeupe vidogo kuliko punje ya dengu, kila kimoja kina pembe tano. Ukiziona hizo pembe tano, huna haja ya kubahatisha tena.

Ubaya wake ni kasi. Kuanzia kuota hadi kuchanua linaweza kuchukua wiki nne tu, na mmea mmoja uliostawi unaweza kuzaa mbegu 15,000 hadi 25,000. Mbegu hizo ni ndogo, nyepesi, na zinashika kwenye tope. Tope linashika kwenye tairi, kwenye kwato, kwenye soli ya kiatu, kwenye jembe la kukodi. Ndiyo maana nikisikia barabara inapanuliwa, au nikiyaona malori ya moramu na kifusi kama yanavyopishana siku hizi Arusha ikijiandaa na AFCON 2027, baada ya mvua huenda kutazama pale kifusi kilipomwagwa. Udongo uliochimbwa sehemu moja na kumwagwa sehemu nyingine hauendi peke yake. Simlaumu mtu anayejenga, barabara tunazihitaji. Ila nasema kila anayeletewa lori la udongo nyumbani kwake atazame kinachoota juu yake ndani ya mwezi mmoja tangu umwagwe, kwa sababu ikipita miezi mitatu atakuwa amechelewa.

Hadithi ya gugu hili kule Ethiopia inanisikitisha kila ninapoikumbuka. Wataalamu wengi wanaamini liliingia humo na nafaka za msaada miaka ya njaa ya 1980. Watu walioletewa chakula wakaletewa na kitu kinachofukuza malisho yao.

Na kweli kinafukuza. Gugu karoti lina kemikali inayozuia mimea mingine kuota karibu yake. Ng'ombe kwa kawaida hulikwepa, lakini kiangazi kikikaza atalila, na maziwa yake yatakuwa machungu. Mfugaji akikwambia maziwa yamekataliwa kwa sababu ya ladha, kabla hujafikiria ndoo chafu mwulize ng'ombe alilishwa wapi. Kwa binadamu linawasha ngozi, linapigisha chafya, na mwenye pumu linambana kifua. Kuna jambo ambalo wengi hawalijui: mwaka 2015 watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichopo Nairobi, walionyesha kwamba mbu jike wa malaria, Anopheles gambiae, anaweza kuendelea kuishi kwa kunyonya utamu wa mmea huu hata asipopata damu. Kwa maneno mengine, kichaka cha gugu karoti nyuma ya nyumba ni ghala la chakula cha mbu. Tunagawa vyandarua, tunapuliza dawa, na uani tunawawekea mbu chakula.

Mmea wa pili ninaotaka kila mzazi aujue ni mranaha, Datura stramonium. Unapenda mahali penye mbolea: nyuma ya zizi, kwenye jalala, pembeni mwa shamba la mahindi. Jani ni pana lenye meno makubwa yasiyolingana, ukilisugua linatoa harufu nzito ya kukera. Ua ni jeupe au la zambarau, refu, mdomo wake umefunguka kama tarumbeta. Tunda ni la kijani, lina miiba pande zote, likikauka linapasuka sehemu nne na kumwaga mbegu nyeusi. Mmea wote ni sumu, na mbegu zaidi. Aliyekula hukauka kinywa, mboni za macho hutanuka, moyo huenda mbio, akili huchanganyikiwa, na anaweza kufa.

Hili si jambo la kinadharia. Mwezi Machi na Aprili 2019, huko Karamoja, Uganda, watu karibu 300 waliugua na watano wakafariki baada ya kula unga wa lishe wa msaada uliotengenezwa kwa mahindi na soya. Uchunguzi ulikuta ndani ya unga huo atropini na skopolamini, sumu zilezile za mranaha na jamaa zake. Unga huo ulikuwa umekusudiwa zaidi kina mama wajawazito, wanaonyonyesha na watoto. Fikiria gugu la pembeni mwa shamba limevunwa pamoja na mazao, likapita mashineni, likafungwa mfukoni na kusafirishwa mpaka likafika kwenye bakuli la mtoto. Tangu nilipoisoma habari ile, nikipita shamba la mahindi au maharage ambalo linakaribia kuvunwa na nikaona tunda la miiba, namtafuta mwenye shamba nimwonyeshe. Wengi hushukuru. Ung'oe kabla ya mavuno, usiungoje upuraji, kwa sababu mbegu ikishachanganyika na maharage kuipata ni kazi.

Baada ya kusoma haya yote usije ukanunua dawa ya magugu ukapuliza kiwanja kizima. Hapo ndipo ninapogombana na watu. Kiwanja hichohicho kina mnavu, kina mgagani, kina mchicha pori, na hizo ni mboga. Mgagani ni rahisi kuutambua: jani limegawanyika vijani vitano kama vidole vilivyotandazwa, shina lina vinyweleo vinavyonata, na maganda ya mbegu ni membamba marefu. Ni mchungu, kwa hiyo wapishi wazuri huupika na maziwa au karanga. Pale Arusha kituo cha World Vegetable Center wanahifadhi na kuboresha mbegu za mboga hizihizi za asili, nasi uani tunaziua kwa dawa halafu tunakwenda sokoni kununua kabichi. Sioni mantiki yake hata kidogo. Kung'oa mmea mmoja unaoujua kwa jina ni kazi ya dakika chache na hakuna kingine kinachodhurika.

Nina tahadhari moja hapa. Usile mmea wowote kwa kuwa simu imekwambia ndio huo. Programu za kutambua mimea kwa picha zinasaidia kukuonyesha upande wa kutafuta, nami nazitumia, lakini mnavu una ndugu wengi wanaofanana na baadhi yao si wa kula. Mboga ya porini jifunze kwa bibi au mama anayeichuma, ukiwa naye shambani, mara kadhaa, mpaka yeye mwenyewe aseme umeshajua.

Wakenya nao wana somo la mathenge, ule mti wa Prosopis juliflora uliopandwa Baringo miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa. Ukasambaa mpaka ukaziba malisho na njia. Mwaka 2006 wakazi waliipeleka serikali mahakamani, na mbuzi aliyeng'oka meno kwa kula maganda yake matamu akafikishwa kama ushahidi. Nautaja kwa sababu mbili: mti huo uliletwa kwa nia njema, na wafugaji ndio waliouona ubaya wake mapema, kwa kutazama vinywa vya mifugo yao.

Kuhusu kumbukumbu, nunua daftari la kawaida. Andika tarehe, mahali, mmea umefikia hatua gani, na mvua ilinyesha lini. Andika pia jina wanaloliita wenyeji, liwe la Kimeru, la Kimaasai au la Kichaga, na nani amekutajia. Usiandike kurasa nyingi siku moja halafu ukaacha; mistari miwili kila wiki inatosha. Mimi kurasa zangu za mwisho wa 2023, wakati wa zile mvua za El Niño, ndizo ninazozirudia zaidi. Ardhi haikupata nafasi ya kukauka, na gugu karoti lililokuwa likinyauka kila kiangazi liliota juu ya lile lililotangulia. Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa utabiri wa msimu sasa, naufungua ukurasa ule na najua niende kutazama wapi.

Mmea ukikushinda, chukua tawi lenye jani, ua na tunda ikiwezekana, libane katikati ya magazeti ya zamani chini ya kitu kizito, badilisha magazeti kila siku mpaka likauke. Tawi lisilo na ua wala tunda ni shida hata kwa mtaalamu. Arusha tuna bahati: Hebaria ya Taifa, yaani hazina ya mimea iliyokaushwa kwa ajili ya utambuzi, iko hapahapa, Ngaramtoni, na waliozoea kazi ile hutambua kwa dakika mmea uliokusumbua miezi. Aliye Nairobi ana ile ya Makumbusho ya Taifa, yenye sampuli zaidi ya milioni moja.

Masika yakianza, wiki ya pili au ya tatu baada ya mvua ya kwanza pita njiani kwako taratibu. Gugu karoti litakuwa bado limelala chini, halijapandisha shina. Huo ndio wakati wa kuling'oa na mzizi wake, udongo ukiwa laini. Vaa glavu au funga mifuko mikononi, vaa mikono mirefu, na mwenye pumu asishiriki. Ukilikuta limeshachanua, usiliburute njiani. Litie kwenye mfuko papo hapo, ukalichome. Viatu na jembe visuguliwe tope kabla hujaondoka pale. Ukiliona mahali ambapo halikuwepo mwaka jana, piga picha ya jani na ua, andika kijiji au mtaa na tarehe, umpelekee afisa ugani wa kata yako siku hiyohiyo.