Je, nadharia ya nyuzi imewameza wanafizikia?

SWALI: Mbona wanafizikia wameng'ang'ania nadharia ya nyuzi, ilhali hakuna jaribio lililoithibitisha?

JIBU: Nadharia hii husema chembe zote za msingi ni nyuzi ndogo mno zinazotetemeka. Kikwazo cha kuithibitisha ni udogo huo. Uzi mmoja hukadiriwa kuwa na urefu wa mita 10⁻³⁵ hivi; kuuona moja kwa moja kungehitaji nishati takribani mara 10¹⁵ ya ile ya mtambo wa LHC, unaogonganisha chembe katika maabara ya CERN karibu na Geneva. Tena nadharia huhitaji dimensheni (pande za anga) sita zaidi ya zile tunazoziona, nazo zaweza kukunjwa kwa namna zipatazo 10⁵⁰⁰, kila namna na utabiri wake; basi utabiri upi upimwe? Lakini si porojo: mwaka 1996 wanafizikia Strominger na Vafa waliitumia kukokotoa entropia (kipimo cha idadi ya hali za ndani zinazowezekana) ya aina fulani ya mashimo meusi, jibu likaoana barabara na fomula ya Bekenstein na Hawking, iliyopatikana awali bila kutumia nyuzi. Isitoshe, wanafizikia wengi wa nadharia hawagusi nyuzi kabisa. Lawama kwamba nyuzi zimewameza wanafizikia ina uzito kwa wanaotafuta graviti ya kwanta tu (nadharia ya kuunganisha graviti na fizikia ya chembe ndogo), na hapo, kweli, mizani imeelemea upande wa nyuzi.