Kuvuka Godavari kwa mkia wa mbwa
Ndugu uliyeuliza ile methali ya mbwa na mto ya Kitelugu, lugha ya kusini mwa India: ni "Kukka toka pattukoni Godavari idinattu", yaani kuogelea Godavari umeshika mkia wa mbwa. Godavari si kijito, ni mto wa kilomita zipatazo 1,465, na pale kwenye mji wa Rajahmundry hutanuka mno. Mbwa mwenyewe anahangaika kichwa kisizame, atakuvushaje? Huambiwa anayemtegemea asiye na uwezo katika jambo zito. Naipenda kweli. Ipo pia "Mokkai vanganidi manai vanguna?": usiopinda ungali mche, utapinda ukishakuwa mti? Hiyo ndiyo samaki mkunje angali mbichi. Na "Adagande amma ayina annam pettadu": usipoomba, hata mama hakupakulii wali.