Maswali na Majibu: Antena ya Kubeba kwa Mwanaridhaa Mpya wa Redio

Nimepata leseni ya redio ya ridhaa hivi karibuni na nina redio ya masafa mafupi ya wati 20. Dukani nimeonyeshwa antena ya fimbo ya mita 1.5 inayosemekana kufanya kazi katika bendi zote. Je, niinunue? (Msomaji, Morogoro)

Usiinunue kwanza. Jambo la kutangulia ni kujua unataka kuzungumza na nani. Ikiwa ni wenzako wa Dodoma, Tanga au Dar es Salaam wakati wa mchana, itakayokufaa ni bendi ya mita 40 (bendi huitwa kwa takriban urefu wa wimbi lake), ambayo kwetu huanzia megahezi 7.0 hadi 7.2. Katika bendi hiyo robo ya wimbi peke yake ni kama mita 10, kwa hiyo fimbo ya mita 1.5 hulazimika kusaidiwa na koili iliyo chini yake, na sehemu kubwa ya wati zako huishia kuwa joto ndani ya koili na ardhini badala ya kwenda hewani. Fimbo ya namna hiyo ina mahali pake, hasa juu ya gari, lakini kwa anayeanza na wati chache humkatisha tamaa mapema, naye hudhani redio ndiyo mbovu.

Tengeneza dipoli, yaani antena ya waya mbili zinazolingana urefu, zinazoungana na kebo ya redio katikati. Chukua waya wa kawaida wa umeme wa nyumba, kisha ugawe 143 kwa masafa yako ya megahezi ili upate urefu wote kwa mita: 143 kwa 7.1 ni takriban 20.1, yaani mita 10 na sentimita chache kila upande. Kata mita 10.5 kila upande, na unapopunguza urefu, ikunje ncha na kuisokota juu ya waya wenyewe, maana waya uliokwisha kukatwa mfupi hauna dawa. Inua katikati kwa mwanzi wa mita 6 au 7, shusha ncha mbili kwa kamba ya katani hadi juu kidogo ya mahali mkono wa mtu unapofikia, na uhakikishe kuwa pembe kati ya waya hizo mbili haipungui nyuzi 90.

Utaambiwa kwamba antena ya mita 40 iliyo chini hivyo hurusha mawimbi juu tu. Ni kweli, na kwa haja yako ndivyo inavyotakiwa, kwa kuwa mawimbi yanayopanda karibu wima hurudishwa na ionosfea, tabaka la juu la angahewa, na kuteremka katika eneo la kilomita mia kadhaa kukuzunguka, bila kuzuiwa na Milima ya Uluguru ambayo redio ya mkononi haiipenyi.

Wenzangu hutumia waya mmoja unaolishwa mwishoni, yaani unaoungana na redio kwenye ncha yake badala ya katikati. Una ubora gani kuliko dipoli? (Msomaji, Nairobi)

Ubora wake ni wepesi wa kuufunga: mti mmoja unatosha, na waya wa mita 20 hivi wenye transfoma ya 49 kwa 1, inayolinganisha waya na redio, hufanya kazi kwenye bendi za mita 40, 20, 15 na 10 bila kubadilisha kitu. Gharama yake ni kwamba transfoma hula nguvu kidogo na hupata moto ukirusha mfululizo, na ganda la kebo hugeuka kuwa sehemu ya antena, hata mikrofoni ikaanza kukuuma mdomoni kwa umeme wa mawimbi hayo. Pitisha kebo mara kadhaa ndani ya pete ya feraiti karibu na redio, na tatizo hilo hupungua sana. Aidha, ncha za waya huu huwa na volti nyingi hata kwa wati chache, hivyo ziwe mbali na watoto. Mimi humshauri mgeni aanze na dipoli, kwa sababu ikikosea ni rahisi kujua ilipokosea.

Ufukweni hakuna pa kufunga waya, na minazi yote ina wenyewe. Nifanyeje? (Msomaji, Malindi)

Una bahati kuliko wengi. Simamisha fimbo ya kuvulia samaki ya fibaglasi (si ya kaboni, kwani kaboni hupitisha umeme), izungushie waya wa mita 5.03 kwa ajili ya megahezi 14.2 ukiupandisha karibu wima, na ulaze waya nne za urefu huohuo juu ya mchanga, karibu na maji. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri mno, na antena ya wima iliyo kando yake hurusha mawimbi kwa pembe ya chini, ambayo ndiyo inayofika mbali. Jaribu jioni kuelekea Ulaya. Siku za bamvua uangalie maji yasikufuate hadi kwenye betri.

Kipimo changu cha SWR, yaani uwiano unaoonyesha nguvu inayorudi kutoka kwenye antena, kinasoma 1.8. Je, nitaharibu redio?

Hapana. Kwa 1.8 nguvu inayorudi ni kama asilimia 8, tofauti ambayo anayekusikiliza hawezi kuitambua. Kumbuka pia kwamba SWR nzuri si dalili ya antena nzuri: kipingamizi cha majaribio cha omu 50, kinachofungwa mahali pa antena, husoma karibu 1.0 ilhali hakirushi chochote cha maana.

Redio yangu ya mkononi ya megahezi 145 haifiki mbali. Ninunue antena gani?

Kabla ya kununua, funga waya wa sentimita 49 kwenye upande wa ardhi wa kiunganishi cha antena, uuache ukining'inia, kisha usimame mahali palipoinuka. Gharama yake ni karibu bure.

Naweza kuiacha antena juu wakati wa masika?

Antena ya kubeba ishushwe kila umalizapo. Ukisikia ngurumo hata ya mbali, chomoa kebo kwenye redio na uitoe nje ya nyumba. Swichi peke yake haikingi radi. Kamba ya kushushia ifungwe chini, unapoweza kuifikia bila kupanda juu.