Kiazi kilichohimili ukungu, mbona sasa kinaungua?

SWALI: Mhariri, nalima viazi mviringo vya aina niliyoambiwa inahimili ukungu. Misimu miwili havikuguswa, lakini masika haya majani yameungua kwa siku chache tu. Je, niliuziwa mbegu feki? – Msomaji, Njombe

JIBU: Ndugu msomaji, usiilaumu mbegu haraka. Huenda kilichobadilika ni kimelea chenyewe kinacholeta ukungu, Phytophthora infestans. Kikishapenya jani, huingiza kwenye seli protini zinazopumbaza kinga ya mmea. Jenomu yake (seti nzima ya jeni, yaani chembe za urithi), iliyochapishwa mwaka 2009, ilionyesha jeni zaidi ya 500 za protini za kundi hilo.

Ukinzani wa aina nyingi za viazi hutegemea kuitambua mojawapo. Jeni ya kiazi iitwayo R3a, kwa mfano, huitambua protini ya kimelea iitwayo Avr3a. Ikishaitambua, seli iliyovamiwa hujiua, na kimelea, ambacho mwanzoni hula kwenye seli hai, hukwama hapo. Ndiyo maana jani lenye kinga huwa na vidoti vyeusi visivyotanuka. Lakini Avr3a ikibadilika asidi amino mbili tu (vipande vinavyounda protini), ya 80 na ya 103, R3a haiioni tena. Kimelea cha namna hiyo hakina kizuizi, na mvua humalizia kazi. Kwa sababu hii, huko Uganda watafiti waliingiza jeni 3 za viazi-mwitu kwa pamoja katika aina ya Victoria: kukwepa tatu kwa mpigo ni kugumu zaidi.

Kwanza hakikisha ni ukungu huo. Asubuhi geuza jani, utafute utando mweupe kuzunguka baka. Usipouona, lifunge jani usiku kucha kwenye mfuko wa plastiki pamoja na karatasi ya tishu iliyoloweshwa, kisha utafute utando huo tena asubuhi.

Dawa ya mankozebu ya asilimia 80, gramu 50 kwa bomba la lita 20 (soma pia lebo), hupigwa kabla ya dalili, kila baada ya siku 7 mvua zikizidi. Wengi hulowesha juu tu. Elekeza nozeli chini ya majani pia. Jani lililokwisha kuungua haliponi. Karbendazimu, dawa ya kuvu, ni kupoteza pesa, maana kimelea hiki si kuvu halisi. Dawa ya metalaksili iliyochanganywa na mankozebu isizidi mara 2 kwa msimu, la sivyo nayo itazoeleka.

Ng'oa viazi vilivyojiotea, fukia vilivyooza, na kata mashina wiki 2 kabla ya kuvuna ili vimelea visishuke kwenye viazi.